Mimi, Rotia na Kiti cha Chama cha Sheria

Jumatatu, 5 Agosti

Baba kapiga simu asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni mwangu. Anakuja hapa Port Vila, Vanuatu! Alhamisi, kwa ndege ya kutoka Nadi, Fiji, kwenye mkutano wa kanisa. Nikamwambia furaha iliyoje. Nikatema povu kwenye kiatu.

Tatizo si Baba. Tatizo ni la mwezi wa sita. Siku ile nilimwambia kwa simu kwamba nimechaguliwa mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi wa Sheria. Sikuwa nimechaguliwa. Nilikuwa nafikiria kuchaguliwa, simu inakatika-katika, nikafupisha. Baba akasimama katikati ya maneaba, ukumbi wa kijiji chetu kule Tarawa, Kiribati, akatangaza mbele ya wazee. Wakacheza. Nasikia hata wimbo upo. Beti nne, na jina langu limo katika tatu.

Uchaguzi wenyewe ni Ijumaa hii. Jumamosi chama kinafanya karamu ya mwaka, na Baba amekwisha kujialika. Anataka meza ya mbele. Kwa hiyo Ijumaa saa saba mchana lazima niwe mwenyekiti, hakuna njia nyingine. (Ipo ya kusema ukweli, lakini Baba ana shinikizo la damu.)

Mpinzani ni mmoja: Rotia. Mwaka wa tatu kama mimi, wa Tarawa kama mimi, ila yeye wa upande wa Betio. Kila mtu anampenda. Sijui kwa nini. Hana makeke, haongei sana, anafika mapema kwenye vikao na kupanga viti. Viti! Nani amewahi kuongozwa na mtu wa kupanga viti? Mimi mwaka jana niliandika upya katiba nzima ya chama, vifungu arobaini na moja, na hakuna aliyeisoma.

Nimemweleza mwenzangu wa chumbani, Maelasi, mtu wa Malaita, Visiwa vya Solomon. Akasema, mheshimiwa Kabuati, umekwisha. Nikamwambia asubiri kesho. Kesho chama kinatoa ushauri wa sheria bure sokoni. Watu wataniona kazini.

Jumanne, 6 Agosti

Siku tamu! Meza yetu iliwekwa kati ya akina mama wa mihogo na akina mama wa maua. Rotia alipewa kusaidia watu kujaza fomu za vyeti vya kuzaliwa. Fomu! Nikamwonea huruma.

Mimi nikapata kesi. Mama Leimara, anauza viazi vikuu, bustani yake iko nje ya mji. Nguruwe wa jirani kaingia, kala viazi mistari miwili. Na hii si mara ya kwanza. Akauliza afanye nini.

Mlezi wa chama, mhadhiri wetu Bi Lesieli wa Tonga, alituonya kwamba tusikilize tu, tuandike, tumwite yeye. Lakini Bi Lesieli alikuwa mbali ananunua ndizi, na wanafunzi sita wananitazama. Kura sita! Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya mahakamani kwamba kesi bila ushahidi ni porojo. Mama akauliza ushahidi ndio nini. Nikamwambia, mama yangu, ushahidi ni yule nguruwe mwenyewe. Mshike. Mlete.

Mama Leimara akasimama. Akafunga vikapu vyake akaondoka kwa hatua za mtu aliyeamua jambo. Wale sita wakapiga makofi. Mmoja alikuwa anaua mbu, lakini watano walipiga makofi.

Jumatano, 7 Agosti

Kaleta nguruwe.

Saa tatu asubuhi, mlango wa shule. Dume kubwa, jeusi, na meno yamejikunja vizuri, meno ya heshima kabisa. Mama Leimara kamvuta kwa kamba kilomita nne. Akauliza mbele ya watu wote yuko wapi yule wakili mnene. Mimi si mnene. Nimejazia.

Nikamfunga nguruwe kwenye nguzo ya ubao wa matangazo wakati natafuta la kufanya. Kosa. Mabango yangu ya kampeni yote kumi na nne nilikuwa nimeyabandika pale jana, na gundi nilitumia uji wa unga kwa kubana matumizi. Nguruwe aliyala yote. Alianza na lililoandikwa KABUATI: MTU WA VITENDO. Bango la Rotia hakuligusa. Rotia alibana lake kwa pini, dogo, halina hata picha.

Halafu akaja mwenye nguruwe. Lo! Kumbe jirani ni Chifu Kalmet! Na nguruwe si wa mboga, ni wa sherehe, meno yake yametunzwa miaka saba, anasubiri ndoa ya mtoto wa kaka yake. Chifu hakupiga kelele. Aliuliza kwa upole ni nani aliyemwita nguruwe wake mhalifu. Vijana wawili aliokuja nao hawakuwa wapole. Mama Leimara akaninyooshea kidole. Watu wote waliokuwa nyuma yangu wakahama.

Nikaanza kueleza sheria ya mali na uharibifu. Ndipo akatokea Rotia na mkeka chini ya kwapa. Akautandika chini ya mshelisheli, akawaomba wazee wakae, akatuma mtu kwa Bi Lesieli na mwingine akalete chai. Halafu akakaa kimya! Nusu saa nzima anasikiliza tu. Mama Leimara akalia kidogo. Chifu akasema kumbe uzio wake ndio mbovu, hakujua. Kufika saa tano chifu kaahidi vikapu sita vya viazi na uzio mpya, mama kakabidhi kamba, wameshikana mikono. Mimi nilitakiwa niombe radhi kwa nguruwe. Nadhani chifu alikuwa anatania, lakini sikutaka kubahatisha, nikaomba.

Kabla ya kuondoka chifu akamwambia Rotia kwamba karamu ya Jumamosi ataleta nguruwe mwingine, wa kuliwa, kwa heshima yake. Mchana habari ilipofika, ukumbi mzima wa chakula umeshangilia. Bi Lesieli kaniita ofisini. Hakusema mengi. Watu wa Tonga wakikunyamazia unaweza kusikia kila kitu.

Maelasi kanihesabia kura jioni. Tatu. Nikauliza za nani. Akasema yangu, ya yule aliyeua mbu, na yake, ila yake bado anaifikiria.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata! Nimepata wakati napiga pasi!

Bubuti!

Kwa nini sikufikiria mapema? Sisi wa Kiribati, mwenzako akikuomba kitu kwa bubuti, unatoa. Iwe mtumbwi, iwe shati la mgongoni. Hukatai. Ukikataa aibu itakuganda, na wajukuu wako watasimuliwa. Mimi na Rotia ni watu wa kisiwa kimoja. Na wakati wa chakula cha mchana wenzetu wa Kiribati wote kumi na mmoja hukaa meza moja. Mashahidi kumi na mmoja!

Nikajikaza. Nikaenda na sahani yangu. Nikasimama mbele yake, nikasema kwa lugha yetu, kwa adabu zote, Nei Rotia (Nei ndiyo Bi ya kwetu), nakuja kwako na bubuti. Naomba nafasi yako ya kugombea.

Mtu mmoja mezani alipaliwa. Rotia aliweka kijiko chini, akanitazama usoni, si kwa hasira. Akasema, chukua. Akatoa kalamu, akaandika barua ya kujitoa palepale kwenye karatasi ya kufutia mikono, akatia sahihi. Halafu akatabasamu, akaendelea kula samaki wake.

Nimeshinda! Bila nguruwe, bila bango! Nilirudi chumbani nikiimba ule wimbo wangu ambao sijawahi kuusikia.

Maelasi akataka nimweleze hiyo bubuti. Nikamweleza. Akafikiri. Akauliza, na yeye akikuomba wewe?

Nikakaa kitandani.

Hilo sikulifikiria. Aliyeomba huombwa, na aliyeomba kikubwa huombwa kikubwa. Ndio maana alitabasamu! Ana haki ya kitu chochote changu! Laptopu! Suti! Viatu vya ngozi alivyoniletea mjomba kutoka Brisbane!

Lakini mimi ni mtu wa sheria. Kitu kisicho changu siwezi kuombwa. Saa hiyohiyo nikaandika mkataba: mimi Kabuati nampa Maelasi mali zangu zote, zikiwemo laptopu moja, suti moja, viatu vya ngozi jozi moja, feni, godoro na chupa ya chai. Vifungu saba. Nimeziba kila mwanya. Hata jaji hawezi kuutengua. Maelasi aliusoma mara mbili, akasema mkataba huu umeandikwa vizuri sana. Akatia sahihi haraka kuliko nilivyotegemea.

Alasiri nikampokea Baba uwanja wa ndege. Kanona. Kaja na mkeka mzuri wa Mama na koti lake jeusi la kuhubiria. Akanishika mabega mbele ya wachungaji wenzake akasema, huyu ndiye mwenyekiti. Wachungaji wakanipa mkono mmoja mmoja. Baba machozi yalimlengalenga. Nilitazama mizigo ya watu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mwenyekiti! Tangu saa saba na dakika tano mchana!

Nimepita bila kupingwa. Bi Lesieli alisoma barua ya Rotia, ile ya karatasi ya kufutia mikono, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma. Akauliza Rotia kama amejitoa kwa hiari. Rotia akasema ameombwa, naye ametoa. Wa Kiribati wote wakatazama dari. Wengine hawakuelewa. Bi Lesieli akasema basi, kwa mujibu wa katiba, mwenyekiti ni Kabuati. Makofi yalikuwa machache lakini ya dhati. Ya Maelasi.

Baba alikuwa kwenye mkutano wake wa kanisa, hajui kama leo kulikuwa na uchaguzi. Kila kitu kimekaa sawa.

Isipokuwa Rotia. Haombi! Nilimngoja mlangoni ili aombe tumalize. Akanipongeza. Nikaona ameangalia viatu vyangu, nikawahi kumwambia si vyangu, ni vya Maelasi. Akasema sawa. Nikamwambia laptopu nayo ni ya Maelasi. Na suti. Na feni. Akasema pole, kaka, kumbe umepatwa na shida kubwa, kama huna godoro niambie. Akaenda kupanga viti vya karamu.

Jioni Maelasi katoka na viatu vyangu. Nikamwuliza anakwenda wapi navyo. Akasema anavizoesha.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Godoro kachukua Maelasi, anasema mawili ni laini zaidi.

Karamu ilianza saa kumi na mbili. Ukumbi umependeza, maua kila mahali. Watonga na mikeka yao kiunoni, Wafiji na sulu zao, zile sketi za wanaume, zilizonyooshwa, akina dada wa Vanuatu na magauni mapana ya maua. Nguruwe wa chifu kaiva kwenye mawe ya moto tangu asubuhi, laplap ya viazi iliyookwa kwenye majani imejaa meza mbili. Chifu Kalmet mwenyewe kaja, na Mama Leimara kakaa karibu naye wanachekeana. Maelasi alivaa suti yangu. Ilimkaa vizuri, sipendi kusema. Mimi nilivaa koti la kuhubiria la Baba. Koti si langu, kwa hiyo lilikuwa salama.

Baba alikaa meza ya mbele. Nikatoa hotuba. Nikasema uongozi ni kujitoa. Neno hilo nalijutia.

Nilipokaa, Rotia akasimama. Kwanza akamwamkia Baba kwa lugha yetu, kwa heshima zote, akajitaja ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani. Akasema bibi yake kule Betio aliucheza ule wimbo wa mwenyekiti mwezi wa sita, na bado anaumwa goti.

Nimekwisha! Kumbe alijua! Alijua tangu mwezi wa sita! Neno moja tu, na Baba angejua kwamba mwanawe ni mwenyekiti wa tangu jana mchana. Nilishika meza.

Hakulisema. Alisema anamshukuru mwenyekiti kwa kazi yake yote. Akainamisha kichwa kwa Baba. Kisha akanigeukia mimi. Mwenyekiti, akasema, nakuja kwako na bubuti. Naomba kiti.

Nikadhani anataka cha kukalia. Nikasukuma changu. Akatikisa kichwa, akasema, cha chama.

Meza yetu ya watu kumi na mmoja ikaacha kutafuna. Nilisimama. Nikasema kwa sauti ya mahakamani kwamba cheo si mali, hakihamishiki, katiba hairuhusu. Bi Lesieli akafungua mkoba, akatoa katiba. Amekuwa nayo muda wote! Akasoma kifungu cha thelathini na mbili: mwenyekiti aweza kuachia nafasi wakati wowote kwa kutamka mbele ya wanachama na kumtaja wa kumrithi, na wanachama wakikubali, imepita. Akauliza ni nani aliyeandika kifungu hiki cha ajabu.

Mimi. Mwaka jana. Nilikiweka ili mwenyekiti aliyetangulia aniachie mimi. Aligoma.

Nikamtazama Baba. Alikohoa. Kikohozi kimoja, kile alichokuwa akinikohoa utotoni, mgeni akiwa mlangoni na mimi nimeficha mkate mgongoni.

Nikasema, chukua.

Ukumbi wote ulisimama! Chifu Kalmet alipiga meza, Mama Leimara alipiga vigelegele. Kura zikainuka, hata mimi niliinua mkono kwa mazoea. Baba alikuja akanikumbatia mbele ya watu. Alikuwa analia waziwazi. Akasema siku ile ya maneaba alifurahi, lakini leo ndiyo anaona fahari, maana cheo hata mjinga anapata, ila kukitoa ukiombwa, mbele ya watu, bila kununa, hiyo ni kazi ya mtu mzima. Akasema atawaambia wazee waongeze ubeti wa tano.

Koti lake lilikuwa na harufu ya nyumbani. Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilitaka kumwambia ukweli wote palepale. Nilifungua mdomo. Halafu akaja mtu na sinia la nguruwe.

Baadaye nikamwuliza Rotia kwa nini hakunianika. Akasema, kaka Kabuati, mimi nilitaka kiti, sikutaka aibu ya Baba yako. Nimelitafakari sana jibu hilo. Nafikiri ananiogopa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemsindikiza Baba uwanja wa ndege nikiwa na kandambili za kuazima.

Asubuhi nilimwambia Maelasi hatari imepita, arudishe vitu. Akaenda kuleta mkataba. Tukausoma pamoja, kifungu kwa kifungu. Kifungu cha kurudisha hakimo. Nilisahau. Maelasi anasema hana kinyongo, ila mkataba umeandikwa vizuri sana, na mwandishi wake ni mtu anayemheshimu. Nikamwomba kwa bubuti. Akasema yeye ni wa Malaita. Chupa ya chai kanirudishia, haifungi.

Uwanja wa ndege Baba alitazama kandambili zangu. Nikamwambia viatu nimempa mwenzangu. Ni kweli! Akafuta macho tena, akasema moyo huu nimerithi kwa bibi. Halafu, ndege inatangazwa, akauliza sasa uenyekiti umemwachia mwenzio, utafanya nini mwanangu.

Hapo ndipo ningenyamaza. Sijui ilikuwaje. Wachungaji walikuwa wanatazama. Nikasikia sauti yangu inasema kwamba mwezi wa kumi chama kinapeleka timu Suva, Fiji, kwenye mashindano ya kesi za mfano, na msemaji mkuu wa timu nimechaguliwa mimi.

Baba akashika kifua. Akasema Suva si mbali. Atakuja. Atakuja na kwaya.

Sawa. Bado hajachaguliwa mtu, Bi Lesieli anachagua Jumatano. Kuna siku mbili, zinatosha kabisa. Mbele yangu kuna mtu mmoja tu, naye ni Maelasi. Kila mtu anasema amebadilika tangu aanze kuvaa suti.

Kwa bubuti hapatikani. Lakini leo nimeuliza watu. Kwao Malaita ukimkosea mtu, hata ukimruka miguu tu akiwa amelala, lazima utoe fidia, na aliyekosewa ndiye anayetaja anachotaka. Kwa hiyo mimi nahitaji jambo moja dogo: anikosee kabla ya Jumatano. Kesho asubuhi nitalala kizingitini. Akitoka ataniruka au atanikanyaga. Na viatu atakavyonikanyagia navijua vizuri, soli na yote. Ushahidi ninao.